Haibridi na Hesabu ya Safari Fupi

Yameenea maneno siku hizi katika maofisi ya serikali na katika vyumba vya walimu kwamba mtumishi ambaye safari zake ni fupi, yaani za kutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi, hana gari limfaalo kuliko haibridi. Maneno hayo huzaliwa katika yadi za magari, hupita midomoni mwa madalali, na yanapofika ofisini huwa yamekwisha kuvaa vazi la elimu. Mwenye kuuliza kwa nini iwe hivyo huhesabiwa kuwa mtu wa zamani. Na huku watu wanaoishi kwa mshahara wanatia sahihi mikopo ya miaka mitatu, minne, hata mitano, wakatwe kila mwezi kabla fedha haijafika mkononi, ili wanunue gari kuukuu kutoka Japani kwa sababu moja kubwa: kwamba litawaokolea petroli.

Madai hayo hayana budi kupingwa. Hayapingwi kwa kuwa haibridi ni gari baya, maana si gari baya hata kidogo. Waliolibuni ni watu wenye akili nyingi na kazi yao inaonekana. Yanapingwa kwa kuwa yamechukua vitu viwili visivyofanana yakavipa jina moja. Safari fupi ni kitu kimoja na foleni ni kitu kingine. Haibridi ni dawa ya foleni. Kwa safari iliyo fupi kweli, ambayo mtu huwasha gari asubuhi, akaenda kilomita mbili tatu katika barabara iliyo wazi, akazima, asiliguse tena mpaka jioni, faida ya chombo hiki hupungua ikawa ndogo ya kuonewa haya, na gharama zake hubaki palepale.

Ili jambo hili lieleweke, yapasa kwanza ijulikane gari lenyewe hufanya nini, kwa maana wengi wanaolisifu hawajui, na wengi wanaolibeza hawajui vilevile.

Haibridi ni gari lenye mitambo miwili ya kulisukuma: injini ya petroli kama ya gari lolote, na mota ya umeme. Toyota ndiyo iliyoanza kuliuza kwa wingi, ilipotoa Prius nchini Japani mnamo Desemba 1997. Aqua, iliyo ndogo zaidi, ilifuata Desemba 2011. Umeme wa kuendesha mota hiyo hautoki ukutani. Hutoka katika betri kubwa iliyowekwa chini au nyuma ya kiti cha abiria, na betri hiyo hujazwa kwa njia mbili tu: injini inapozunguka, na dereva anapopunguza mwendo. Katika gari la kawaida nguvu ya mwendo inayozimwa na breki hugeuka joto likapotelea hewani. Katika haibridi sehemu kubwa ya nguvu hiyo hukamatwa na mota, ikageuzwa umeme, ikawekwa katika betri kungojea kuondoka tena. Gari likisimama, injini huzimika. Likijongea polepole nyuma ya daladala, mara nyingi hujongea kwa umeme mtupu.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Haibridi haizalishi nguvu ya bure. Kila inachokitumia kimetoka katika petroli ile ile iliyonunuliwa kituoni. Inachofanya ni kukusanya makombo ambayo gari la kawaida huyatupa: makombo ya breki, na makombo ya injini inayonguruma bure gari likiwa limesimama. Palipo na kusimama na kuondoka mara mia kwa safari moja, makombo ni mengi na yanajaza kibaba. Pasipo na makombo hapana cha kukusanya. Ndiyo maana serikali ya Marekani ilipoipima Aqua, ambayo huko iliuzwa kwa jina la Prius c, iliona kwamba kwa lita moja gari hilo lilikwenda kilomita 22 na nusu katika mwendo wa mjini, na lisifikishe 20 katika barabara kuu. Gari la kawaida huwa kinyume chake: mjini hula sana, barabara kuu hula kidogo.

Wauzaji huishia hapo. Husema: mjini haibridi ina nafuu, safari za mjini ni fupi, kwa hiyo haibridi ni gari la safari fupi. Mwalimu yeyote wa hesabu angemrudisha mwanafunzi mwenye hoja ya namna hiyo akaianze upya.

Na itazamwe safari ya mwalimu wa Njombe. Mji huo uko juu ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai baridi ya alfajiri hushuka chini ya nyuzi 10. Shule iko kilomita tatu kutoka nyumbani, na njiani hakuna taa za barabarani za kumsimamisha wala foleni ya kumchelewesha. Mwalimu anabonyeza kitufe. Betri kubwa ina umeme wa kulisogeza gari kilomita moja au zaidi, lakini injini inawaka hata hivyo. Inawaka kwa sababu kile chombo cha kusafishia moshi kilichomo katika bomba la ekzosi hakifanyi kazi mpaka kipate joto kali, na kwa sababu injini yenyewe, ikiwa baridi, ina oili nzito na hunywa petroli kupita kiasi. Kompyuta ya gari imeagizwa isiachie mambo hayo. Katika Prius ya toleo la pili, lililotoka mwaka 2003, injini huendelea kuzunguka hata gari likisimama mpaka maji yake yafike nyuzi 40 hivi, na uhuru kamili wa kuizima na kuiwasha haupatikani mpaka yakaribie nyuzi 70. Maji yanapofika huko, mwalimu amekwisha kufika shuleni siku nyingi na anaita majina ya wanafunzi darasani. Safari nzima ameendesha gari la kawaida la petroli lililobeba mzigo wa betri.

Jioni injini imekwisha kupoa, na hadithi inaanza upya.

Katika mji wa joto kama Dar es Salaam au Tanga hali si mbaya kiasi hicho, na ni haki isemwe hivyo. Maji ya injini huianza safari yakiwa tayari na nyuzi 28 au 30, na kipindi cha kupasha moto hufupika. Lakini huko huko kwenye joto ndiko kwenye kiyoyozi. Katika Prius tangu toleo hilo la 2003 kiyoyozi huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, nalo ni jambo jema, kwani hupoza hata injini ikiwa imezimika. Ila gari lililoachwa juani mchana kutwa huwa tanuri. Kiyoyozi hufanya kazi kwa nguvu zote katika dakika kumi za kwanza, na kwa mtu ambaye safari yake yote ni dakika kumi, maana yake ni kwamba hukipata kiyoyozi katika hali yake ya ulafi tu. Betri ikipungua, injini huamshwa kuijaza.

Kuna jambo jingine ambalo madalali hawalitaji kamwe. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa maji yanayokaribia lita moja, nayo hutoka kama mvuke. Injini iliyopata moto huufukuza mvuke huo nje. Injini baridi huuacha utue ndani, katika bomba la ekzosi na katika oili, ukichanganyika na petroli ambayo haikuungua. Kila gari hupata madhara haya kwa safari fupi, si haibridi peke yake, lakini haibridi huyazidisha kwa sababu injini yake huzimwa kila inapopata nafasi na hivyo hukawia zaidi kupata moto. Huko Japani watengenezaji wa magari wenyewe huhesabu safari za mara kwa mara zisizozidi kilomita 8 kuwa ni matumizi magumu, na huagiza oili ibadilishwe mapema kuliko kawaida. Ni kinyume kabisa na dhana ya mtumishi anayesema gari lake halichoki kwa kuwa haendi mbali.

Sasa yaja matangazo. Mteja anayeuliza ulaji wa Aqua huambiwa kilomita 35 kwa lita, na huoneshwa karatasi. Karatasi hiyo si ya uongo. Ilipotoka, Aqua ilipewa na kipimo cha Kijapani kilomita 35.4 kwa lita. Lakini kipimo hicho ni cha maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya mashine, bila kiyoyozi, bila abiria watano, bila mashimo, bila tuta. Urefu wake ni kilomita 8 hivi, yaani zaidi ya mara mbili ya safari ya mwalimu aliyetajwa hapo juu. Na katika kukokotoa matokeo, robo tatu ya uzito hupewa injini ambayo tayari ina moto, robo moja tu ikabaki kwa injini baridi. Wamarekani, kwa kipimo chao kilicho kikali zaidi, walilipa gari lile lile kilomita 21 kwa lita kwa wastani wa mjini na barabara kuu. Baina ya 35 na 21 kuna tofauti ya kilomita 14, na tofauti hiyo ndiyo inayowekwa rehani pamoja na mshahara wa mtu. Kwa mwenye safari za kilomita mbili tatu, hata hiyo 21 ni ndoto njema.

Mabishano ya aina hii hayamalizwi kwa maneno, humalizwa kwa hesabu. Na haibridi ipewe upendeleo wote: ikubaliwe kwamba hutumia nusu tu ya petroli ya gari la kawaida, jambo ambalo katika safari fupi za baridi si kweli. Bei ya lita moja ichukuliwe kuwa Sh. 3,000 ili kurahisisha.

Siku za masomo katika mwaka hazifiki 200. Mwalimu wa Njombe mwenye kilomita 6 za kwenda na kurudi hafikishi kilomita 1,200 kwa mwaka. Aongezewe za sokoni, za ibada na za kuzuru ndugu, zifike 2,000. Gari dogo la kawaida, hata likiwa linakwenda kilomita 10 tu kwa lita, litamtaka lita 200. Haibridi itamtaka lita 100. Ameokoa lita 100, yaani Sh. 300,000 kwa mwaka mzima, au Sh. 25,000 kwa mwezi. Kwa miaka mitano ya mkopo ni Sh. milioni moja na nusu, na hizo ni kwa makadirio ya upendeleo. Betri mpya ya haibridi hununuliwa kwa mamilioni ya shilingi. Ikifa mara moja tu ndani ya miaka hiyo mitano, akiba yote imekwenda na deni limebaki. Riba ya fedha aliyoiongeza ili anunue haibridi badala ya gari la kawaida la umri ule ule haijahesabiwa bado.

Sasa na achukuliwe karani wa Dar es Salaam anayeishi Kinondoni na kufanya kazi Posta. Naye husema safari zake ni fupi, na kwa kipimo cha kamba anasema kweli. Lakini huwapeleka watoto shule kwanza, hutambaa na foleni asubuhi, hutambaa nayo jioni, na mchana hutumwa huku na huko, hata siku ikaisha ana kilomita 20. Kwa siku 300 ni kilomita 6,000. Katika foleni hiyo gari lake la kawaida haliendi zaidi ya kilomita 8 kwa lita. Humtaka lita 750. Haibridi kwa kanuni ile ile ya nusu itamtaka lita 375. Ameokoa Sh. 1,125,000 kwa mwaka, karibu mara nne ya mwalimu, na kwake yeye ile kanuni ya nusu si upendeleo, iko karibu na ukweli. Huyu ana sababu ya kufikiri.

Dereva wa teksi inayoitwa kwa simu hana haja ya kufikiri. Kilomita 150 kwa siku, kwa siku 300, ni 45,000. Kwa kilomita 10 kwa lita gari la kawaida lingemla lita 4,500. Nusu yake ni lita 2,250, na fedha yake ni Sh. 6,750,000 kwa mwaka. Na huyu, ikitazamwa vizuri, ndiye mwenye safari fupi kuliko wote! Hapa abiria wa kilomita tatu, pale wa kilomita nne. Tofauti ni kwamba safari zake zimeungana. Injini yake hupata moto alfajiri na haipoi mpaka usiku. Ndiyo maana tangu mwaka 2005, jiji la New York liliporuhusu haibridi kufanya kazi ya teksi, madereva wa miji mingi duniani wameigombea. Hawakuigombea kwa mapenzi ya kitu kipya. Walipiga hesabu.

Kwa hiyo swali ambalo mnunuzi hana budi kujiuliza si urefu wa safari moja. Ni mara ngapi kwa siku huwasha injini ikiwa baridi, ni dakika ngapi hukaa katika foleni, na ni kilomita ngapi humaliza kwa mwaka. Aliye na kuwasha kwingi kwa baridi, foleni kidogo na kilomita chache, ndiye hasa yule ambaye wauzaji humwambia kwamba gari hili lilitengenezwa kwa ajili yake.

Upande wa pili wako wabezaji, nao hawastahili kuachwa wapite hivi hivi. Hawa husema kwamba haibridi ni mtego, kwamba betri yake hufa baada ya miaka mitano, kwamba hakuna fundi, kwamba mvua ikinyesha abiria watanaswa na umeme. Huo ni woga uliovishwa kilemba cha busara. Mwaka 2011 jarida la Consumer Reports la Marekani liliipima Prius ya mwaka 2002 iliyokuwa imetembea zaidi ya maili 200,000, ambazo ni zaidi ya kilomita 320,000, likakuta kwamba ulaji wake wa mafuta ulikuwa karibu sawasawa na wa gari kama hilo lilipokuwa jipya, na betri ilikuwa bado ile ile ya kiwandani. Haibridi za Toyota hazina stata wala altaneta za kuharibika, na breki zake hudumu kwa kuwa kazi kubwa ya kupunguza mwendo hufanywa na mota. Mafundi wanaozifahamu wapo Dar es Salaam na Nairobi, na wengine hujifunza kila siku. Zile nyaya za rangi ya machungwa zina umeme wa kuua, ni kweli, lakini zimefungwa vema na haziumi mtu asiyezichokonoa.

Lakini yule aliyetembeza gari lake kilomita 320,000 kwa miaka tisa hakuwa mtu wa safari fupi. Alilitumia kila siku, kwa wastani wa kilomita karibu 100. Betri ya namna hii, ambayo katika nyingi ya haibridi zinazoletwa Afrika Mashariki ni ya nikeli, hupenda kufanyishwa kazi. Ikiachwa, hujimaliza yenyewe taratibu, na seli zake hupishana nguvu mpaka iliyo dhaifu ikawavuta wenzake chini. Vitabu vya maelekezo vya Toyota vyenyewe huwataka wenye magari walitembeze gari lililolala, angalau mara moja kila baada ya miezi michache, kwa nusu saa au kilomita 16. Kuna walimu ambao gari lao halipati kilomita 16 kwa mfululizo mmoja tangu likizo hadi likizo. Iko pia betri ndogo ya volti 12, ambayo kazi yake ni kuamsha kompyuta. Ikiisha, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa tele, na hupenda kuisha hasa kwa gari linaloegeshwa muda mrefu na kutembezwa muda mfupi.

Watumishi waliohamia Dodoma, tangu serikali ilipoanza kuhama kwa nguvu mwaka 2016, wako katika hali yao peke yao. Mji wa Serikali wa Mtumba uko kilomita 17 hivi kutoka katikati ya jiji, katika barabara iendayo Dar es Salaam. Kwa anayeishi mjini, hiyo si safari fupi. Injini hupata moto njiani na kilomita za mwaka hupita 8,000. Ila sehemu kubwa ya njia ni mwendo wa moja kwa moja, ambapo makombo ya kukusanya si mengi, na gari dogo la kawaida lenye injini nzima halipitwi mbali. Tena Dodoma ni nchi ya vumbi. Betri kubwa ya haibridi hupozwa kwa feni inayovuta hewa kupitia kidirisha kilichopo ubavuni mwa kiti cha nyuma. Kidirisha hicho kikizibwa na vumbi, au na begi, au na sare za watoto zilizotupwa hapo, betri hupata joto na maisha yake hufupika. Kukisafisha ni kazi ya dakika chache na haina gharama. Wenye magari hayo wasiojua hata kwamba kidirisha hicho kipo ni wengi, na aliyewauzia hakuwaambia.

Wako watakaosema kwamba zipo haibridi za kuchomeka ukutani, ambazo hutembea kwa umeme wa nyumbani kabla injini haijawaka. Hao wamesema kweli, na hapo hoja ya safari fupi hupata miguu ya kusimamia. Gari la namna hiyo ambalo betri yake ingali na afya, hata lile la zamani linalokwenda kilomita zisizozidi 20 kwa umeme, lingempeleka mwalimu shuleni na kumrudisha kwa umeme wa LUKU, na kwa siku nyingi injini isifanye kazi kubwa. Lakini hilo ni gari jingine, lenye bei nyingine, na ni nadra katika yadi. Aqua na Prius za kawaida hazina pa kuchomekwa. Kuzichanganya hizo mbili mbele ya mteja asiyejua ni ujanja wa kibiashara ambao katika lugha ya sokoni una jina lisilopendeza kuchapwa gazetini.

Tena kuna jambo ambalo katika vyumba vya walimu huzungumzwa kwa kicheko tu, nalo lafaa lizungumzwe bila kicheko. Kilomita tatu ni mwendo wa dakika arobaini kwa miguu na robo saa kwa baiskeli. Mtu mwenye afya anayekopa mamilioni ili aokoe petroli katika mwendo wa robo saa ya baiskeli hana tatizo la petroli. Huenda ana sababu nyingine za haki: mvua, watoto, mgonjwa nyumbani, heshima ya cheo chake mbele ya wazazi. Basi azitaje hizo, akanunue gari rahisi la kawaida ambalo kila fundi wa wilaya analijua, na asijifiche nyuma ya akiba ya mafuta ambayo haipo.

Ikumbukwe kwamba hayo yote yamehesabiwa kwa gari lenye betri nzima, nalo ndilo jambo la mwisho ambalo mnunuzi ana hakika nalo. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotimiza umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania haikatazi, hutoza ushuru wa nyongeza kwa yaliyochakaa, na waagizaji hulipa, kisha huuongeza katika bei. Kwa hiyo Prius ya mwaka 2010 inaweza leo kumfikia mtumishi ikiwa imepita umri ambao mtengenezaji alikubali kuidhamini. Huko Marekani dhamana ya betri kwa magari ya miaka hiyo ilikuwa miaka 8 au maili 100,000, na katika yadi ya Dar es Salaam hakuna dhamana yoyote isipokuwa kiapo cha dalali. Na hapo ndipo penye dhuluma iliyo kubwa kuliko ile ya kilomita 35 kwa lita, kwa kuwa afya ya betri inapimika.

Fundi mwenye kompyuta ya kusomea magari huiunganisha chini ya usukani, akaliendesha gari kwa nusu saa, likipanda mlima na kushuka. Katika Prius kompyuta huisoma betri kwa mafungu 14, kila fungu na volti zake. Mafungu yakipanda na kushuka pamoja, betri ni nzima. Fungu moja likizama wakati gari linavuta mzigo, betri ni mgonjwa, na kubadilisha kipande hicho kimoja, kama wafanyavyo mafundi wengi, ni kutia kiraka kipya katika nguo kuukuu. Vyama vya akiba na mikopo vya watumishi na vya walimu, ambavyo kila mwezi hupitisha maombi ya fedha za magari, humtaka mwombaji alete hati ya mshahara na sahihi za wadhamini. Katika maombi ya kununua haibridi vitake karatasi mbili zaidi: ya kipimo cha mafungu hayo, iliyotiwa sahihi na fundi ambaye si wa muuzaji, na ya kilomita ambazo mwombaji hutembea kwa mwaka, zikihesabiwa siku kwa siku.